Ukiongoza Kompyuta ya Mbali, Jua Kitufe Chako Kinasikika Wapi

Wazee wetu walisema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Maneno hayo yalikuwa kweli siku zao, na kwa mambo mengi yangali kweli hata leo. Lakini siku hizi katika mji wetu wa Bunia waweza kumwona karani aketiye mbele ya meza yake, karibu na barabara yenye vumbi, akifungua daftari za hesabu zilizomo ndani ya kompyuta iliyoko Kinshasa, mbali zaidi ya kilomita 1,700. Mkono wake uko Ituri, lakini kazi yake yafanyika ng'ambo ya pili ya nchi. Hakika fimbo imefika mbali! Ila twauliza neno moja tu: je, yule aishikaye fimbo hiyo anajua inapiga wapi?

Wasomaji wapenzi, swali hilo si la mchezo. Twataka leo kuwaeleza habari za vitufe vichache vya kompyuta, ambavyo mtu akivijua hufanya kazi yake kwa utulivu, na asipovijua aweza kuwapotezea wengine haki yao. Sisi wenyewe tuliwahi kukosa, na tutawasimulia kosa letu bila kuficha.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Bunia ni mji mkuu wa jimbo la Ituri tangu mwaka 2015. Kutoka hapa mpaka Kampala ni kama kilomita 300 kwa mwendo wa ndege, lakini kufika Kinshasa kwa barabara ni taabu kuu, na watu wenye haraka hawana budi kupanda ndege. Tena nauli ya ndege si fedha ya mtu maskini. Pamoja na hayo, miaka ya vita na magenge ya silaha imefunga mara nyingi njia zetu, hata zile za kwenda karibu. Na mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilikataza safari kati ya Kinshasa na majimbo. Ofisi nyingi zikaona ya kuwa mtu asipoweza kwenda, yafaa kazi yake imwendee.

Ndipo wengi walipojifunza kuongoza kompyuta ya mbali. Ufundi huo haukuanza mwaka ule. Kampuni ya Microsoft iliuingiza katika Windows XP mwaka 2001, na baadaye zikatokea programu nyingine kama TeamViewer na AnyDesk. Namna yake ni hii: kompyuta ya mbali hutuma picha ya kioo chake kwa njia ya intaneti, na kompyuta yako hutuma kwake kila kitufe unachobonyeza na kila mwendo wa kipanya chako. Faili hazisafiri. Zinabaki kule kule zilikowekwa.

Nako kuna faida ambayo watu wa Bunia wataielewa upesi. Umeme ukikatika hapa kwetu katikati ya kazi, kompyuta yako hufa, lakini ile ya mbali haina habari ya giza letu. Kwa kawaida huacha madirisha yako wazi kama ulivyoyaacha, nawe umeme ukirudi waunganisha tena na kuendelea na neno lile lile uliloliachia njiani.

Nyumba ndani ya nyumba

Sasa tuseme juu ya madirisha. Kila programu inapofunguliwa hukaa ndani ya fremu yake juu ya kioo, nayo fremu hiyo huitwa dirisha. Karani aweza kuwa na madirisha matatu: moja la barua, moja la hesabu, moja la kamusi. Akitaka kutoka la barua kwenda la hesabu aweza kutumia kipanya. Lakini iko njia ya mkato: anashikilia kitufe cha Alt, kisha anagusa kitufe cha Tab, na dirisha lingine linakuja mbele. Akigusa tena, linakuja la tatu. Mikono yake haitoki kwenye kibodi hata kidogo.

Mpaka hapo hapana ugumu. Lakini mtu akiunganishwa na kompyuta ya mbali, dirisha moja katika yale yake linakuwa ni kompyuta nzima nyingine, yenye madirisha yake yenyewe. Ni nyumba ndani ya nyumba. Sasa akibonyeza Alt na Tab, ni nyumba ipi itakayoitika? Atabadilishiwa madirisha ya Bunia au ya Kinshasa?

Jibu ni kwamba yategemea jinsi ulivyoagiza kabla ya kuunganisha. Katika programu ya Microsoft, mahali pa kupanga habari za kibodi, pana machaguo matatu. La kwanza: vitufe hivyo visikilizwe na kompyuta hii ya hapa. La pili: visikilizwe na kompyuta ya mbali. La tatu: visikilizwe na ya mbali wakati tu inapojaza kioo kizima. Chaguo hilo la tatu ndilo linalokuwapo ikiwa hujagusa kitu. Kwa hiyo, kompyuta ya mbali ikijaza kioo chako chote, Alt na Tab huenda Kinshasa. Ukiipunguza iwe dirisha dogo, vitufe vile vile hubaki Bunia. Mtu asiyejua hilo hudhani kompyuta yake ina wazimu.

Kosa letu wenyewe

Jumamosi moja alasiri tulikuwa Bunia tukiandika orodha ya ujira wa vibarua waliokuwa wakitengeneza chemchemi za maji. Orodha ilikuwa ndani ya kompyuta ya ofisi moja iliyoko Kinshasa, nayo ilikuwa imejaza kioo chetu chote. Picha ya nyuma ya kompyuta ile ilikuwa ya rangi ya buluu, na ya kwetu buluu vilevile. Tulihifadhi orodha, na likabaki jambo moja tu: kuongeza majina ya kikundi cha mwisho, tuliyoahidiwa jioni ile. Siku ya Jumatatu orodha ilipaswa kutumwa ili watu walipwe.

Tukataka kupumzika kidogo. Tukadhani tumekwisha kurudi katika kompyuta yetu, tukabonyeza Alt na F4, vitufe vinavyofunga dirisha. Intaneti ilikuwa nzito siku ile, na hatukuona kitu. Tukabonyeza tena. Mara kibao cha maswali kikatokea, nasi kwa haraka, bila kukisoma, tukabonyeza kitufe cha kukubali.

Kumbe! Mbonyezo wa kwanza ulikuwa umefunga orodha kule Kinshasa. Wa pili ulikuta hapana dirisha tena, na mahali pasipo na dirisha Alt na F4 huuliza kama wataka kuizima kompyuta yenyewe. Nasi tukaitikia ndiyo. Kioo chetu kikatuambia kwamba mawasiliano yamekatika, kisha kikarudi kimya.

Tukapiga simu. Mlinzi wa lango alikuwapo, lakini hakuwa na ufunguo wa ofisi. Mwenye ufunguo hakupatikana Jumamosi wala Jumapili. Jumatatu asubuhi, saa mbili kwetu, ilikuwa bado saa moja tu Kinshasa, kwa maana saa zetu hutangulia zao kwa saa moja. Tukangoja. Kompyuta ikawashwa mwishowe, majina yakaongezwa, lakini zamu ya kulipa ilikuwa imepita, na vibarua wakapata fedha yao siku ya Jumatano.

Siku mbili ni kitu gani, atasema mwingine. Kwa mtu anayekula kwa ujira wa jasho lake, siku mbili ni nyingi. Mama mmoja miongoni mwao, mtu mzima kuliko sisi, alitusikiliza tukieleza, kisha akauliza bila hasira: "Mwanangu, kwani mkono ulioizima hauwezi kuiwasha?" Tulikosa la kujibu. La, hauwezi. Kompyuta iliyozimwa haisikii kitu, isipokuwa imetayarishwa mapema na fundi kwa jambo hilo. Kwa mbali ni rahisi kufunga mlango, bali kuufungua ni lazima mtu awe pale pale.

Vitufe vya kukumbuka

Tangu siku ile tulijifunza vitufe vya kazi hii, kama mtoto ajifunzavyo hesabu za kuzidisha. Wale walioitengeneza programu ya Microsoft waliona shida ya nyumba mbili, wakaweka vitufe maalum vinavyosikika kule mbali hata kama Alt na Tab imebaki hapa. Ndivyo hivi:

Alt na Page Up: hukupeleka kutoka dirisha moja kwenda lingine ndani ya kompyuta ya mbali. Hii ndiyo badala ya Alt na Tab.

Alt na Page Down: hufanya kazi ile ile, lakini kwa kurudi nyuma.

Alt na Insert: hupita katika madirisha ya mbali kwa utaratibu ule yalivyofunguliwa.

Alt na Home: hufungua orodha kuu ya programu za kompyuta ya mbali.

Ctrl, Alt na Break: hubadilisha kompyuta ya mbali kutoka kioo kizima kuwa dirisha dogo, na kuirudisha. Kitufe hiki ni mlango wa kutokea. Anayekijua hapotei kamwe.

Ctrl, Alt na End: huita ukurasa wa usalama wa kompyuta ya mbali, mahali unapoweza kubadilisha neno la siri au kuifunga kwa ufunguo wake.

Juu ya hiki cha mwisho yafaa kusema zaidi. Wengi wetu twajua Ctrl, Alt na Delete. Vitufe hivyo viliunganishwa na fundi David Bradley wa kampuni ya IBM, katika siku za kutengeneza kompyuta yao ya mwaka 1981. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuianzisha kompyuta upya. Vilichaguliwa vikiwa mbalimbali ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Hiyo ilikuwa busara, kwa kuwa jambo kubwa lisifanyike kwa kidole kimoja. Nawe ukivibonyeza wakati unapoongoza kompyuta ya mbali, husikika hapa hapa kwako tu. Ndiyo sababu ya kuwekwa Ctrl, Alt na End kwa ajili ya kule.

Wenye kibodi ya Kifaransa watakuta majina mengine: Insert imeandikwa Inser, Delete ni Suppr, End ni Fin, na Page Up ina mshale wa kupanda juu. Katika kompyuta ndogo za kukunja, baadhi ya vitufe hivi vimefichwa, na yakupasa kushikilia pia kitufe cha Fn. Tena watumiaji wa TeamViewer na AnyDesk wajue kwamba programu hizo zina mipango yao wenyewe ya kuchagua vitufe viende wapi. Watazame mipango hiyo kabla ya kuanza kazi.

Herufi zinapogeuka

Liko tatizo lingine linalotupata hasa sisi tukaao mpakani. Kibodi za Kongo kwa kawaida ni za Kifaransa, zinazoanza kwa herufi A, Z, E, R, T, Y. Lakini kompyuta nyingi zinazotufikia kwa kupitia Uganda zina kibodi ya Kiingereza, zianzazo kwa Q, W, E, R, T, Y. Kompyuta ya mbali haioni wino ulioandikwa juu ya kitufe chako. Inapokea tu habari ya mahali pa kitufe, kisha yenyewe huamua ni herufi gani kwa kanuni iliyopewa.

Kanuni zikihitilafiana, mambo yanaharibika. Tuseme neno lako la siri ni amani, nawe waandika kwa kibodi ya Kifaransa, lakini kompyuta ya mbali inafuata kanuni ya Kiingereza. Itasoma q;qni. Neno la siri halionekani likiandikwa, huonekana nukta tu, kwa hiyo hutajua kosa. Utajaribu mara ya pili na ya tatu, kisha mlango ufungwe, nawe utamshtaki fundi bure.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kuandika neno la siri, liandike neno lingine lolote mahali panapoonekana, kama pale pa jina la mtumiaji, uone kama A ni A na M ni M. Zikiwa zimegeuka, tazama karibu na saa ya kompyuta alama ya lugha, FR au EN, uibadilishe. Alt na Shift ya kushoto mara nyingi huibadilisha pia. Na hapo pana mtego: anayetaka kurudi nyuma katika madirisha hushikilia Alt na Shift pamoja na Tab, na kidole kikikosa Tab, lugha hugeuka bila yeye kujua. Herufi zikikugeukia ghafula katikati ya kazi, kumbuka hilo kwanza.

Usibonyeze mara mbili

Tumesema kwamba intaneti ilikuwa nzito siku ya kosa letu. Yafaa kueleza sababu moja. Mahali pasipofikiwa na waya, watu hutumia satelaiti. Zile za namna ya zamani hukaa juu ya dunia kwa kadiri ya kilomita 36,000. Kitufe chako kinapanda mpaka kule, kinashuka mpaka kompyuta ya mbali, na picha ya jibu inapanda na kushuka tena. Jumla ni safari ya kilomita zipatazo 144,000. Mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, hutumia karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Satelaiti mpya zinazoruka chini, kama kilomita 550, hupunguza sana kungoja huko, lakini mstari ukijaa watu hata hizo huchelewa.

Katika kungoja huko kipanya hutaabisha, kwa kuwa unakisogeza na mshale haukufuati, kisha unakuja wote kwa pamoja na kupita mahali ulipotaka. Vitufe ni afadhali, kwani havipotei njia. Lakini vina hatari yao: vinapanga foleni. Ukibonyeza mara tatu kwa kutokuwa na subira, vyote vitatu vitafika, na vyote vitatu vitatendeka. Haraka haraka haina baraka. Bonyeza mara moja, ondoa kidole, ngoja kioo kijibu.

Mazoea ya kushika

Mwisho, twawapa mazoea matano tunayoyashika sisi wenyewe tangu Jumamosi ile.

La kwanza, ipe kompyuta ya mbali picha ya nyuma yenye rangi tofauti kabisa na yako. Ya kwetu sasa ni nyekundu, na macho yanatuambia tulipo kabla ya akili kufikiri.

La pili, tazama utepe mwembamba ulio juu ya kioo, wenye jina la kompyuta ya mbali. Uuache uonekane daima, usiufiche.

La tatu, ukimaliza kazi, jua tofauti ya maneno matatu. Kukata mawasiliano ni kuondoka na kuacha madirisha wazi. Kutoka katika akaunti ni kuyafunga yote. Kuzima ni kuilaza kompyuta yenyewe. Mara nyingi hili la kwanza latosha.

La nne, usitumie Alt na F4 katika kompyuta ya mtu mwingine iliyo mbali, isipokuwa umekwisha kutazama jina lake mara mbili. Na kibao cha maswali kikitokea, kisome mpaka mwisho.

La tano, kabla ya Jumamosi ujue ni nani mwenye ufunguo wa chumba, na namba yake ya simu.

Nanyi wanafunzi, msingoje mpaka mpate kazi ya ofisi. Popote shuleni penye kompyuta hata moja, jizoezeni Alt na Tab mpaka vidole vizoee. Kisha chukueni karatasi, mchore fremu kubwa, na ndani yake fremu ndogo. Mwenzako ataje vitufe, nawe uoneshe kwa kidole ni fremu ipi inayosikia, kwanza ikiwa kompyuta ya mbali imejaza kioo kizima, halafu ikiwa dirisha dogo. Atakayeweza kujibu bila kusita amekwisha kuelewa jambo ambalo sisi tulilijua baada ya kuwangojesha watu ujira wao.

Yule mama alilipwa Jumatano, akahesabu fedha yake pole pole mbele yetu, akaikunja katika pembe ya kitenge chake. Hakuuliza tena habari za mashine. Lakini kila tunapotaka kubonyeza kitufe cha kufunga, twalikumbuka swali lake, nasi twatazama kwanza jina lililo juu ya kioo.